Mvumo Uliofunika Gitaa la Kiprotich

Mkija kwangu Kiplombe siku hizi mtanikuta na kuku, si na redio. Nilipostaafu niliuza vyombo vya dukani, nikabaki na mita moja ya kupimia stima, chuma cha kuchomea risasi ya kuungia nyaya na kiti ambacho mgongo wangu umekizoea. Lakini vijana mmekataa kuniacha. Mnakuja na viboksi vyenu vya gitaa mlivyojitengenezea, hizo mnazoita pedali, mnavipanga juu ya meza yangu ya chakula, mnasema, "Mama, inanguruma." Kisha mnanitazama kana kwamba nitaiwekea mikono niiombee.

Basi nimeamua kuyaandika majibu, ili mkija tena mje na sukari na majani ya chai, maana maswali yenu nimeshayajua.

Nianze na waliozaliwa juzi. Valvu ni kile kioo kilichokuwa ndani ya redio za babu zenu, chenye waya mdogo unaowaka mwekundu tumboni. Waya huo ndio hita. Kazi yake ni kupasha joto tu, na bila joto valvu ni chupa. Redio ziliiacha valvu zamani, ila wapiga gitaa wameirudia, kwa sababu ukiisukuma kupita nguvu zake sauti inapasuka kwa utamu na noti inakaa muda mrefu kabla ya kufa. Taabu ni kwamba hita ikilishwa stima moja kwa moja kutoka kwenye transfoma, ile stima inayokwenda mbele na kurudi nyuma huvuja kidogo na kuingia kwenye sauti. Valvu nayo haichagui. Inakuza gitaa na inakuza uchafu. Huo uchafu ndio mvumo mnaoniletea.

Mvumo ulionisumbua kuliko yote sikuupata dukani. Niliupata nikiwa nimeshastaafu, na aliyeniletea ni Chemutai, msichana anayeuza chaja na vioo vya simu mjini Eldoret. Alikuja na kiboksi cha bati alichokitoboa mwenyewe, ndani valvu moja na transfoma mbili ndogo, pamoja na gitaa na amplifaya ndogo ya kuazima ya kukijaribia.

"Mama, hii pedali inanimaliza," alisema. "Nimewatch video zote, nimechange hadi valvu. Bado tu inafanya mmmm."

"Wewe unapiga gitaa?"

"Hapana. Ni ya Baba."

Nilimuuliza baba yake ni nani. Aliposema ni Kiprotich wa Ainabkoi, niliketi.

Lazima niwaeleze Kiprotich alikuwa nani kwangu. Nilipofungua kibanda changu mjini, wateja walikuwa wakiinama mlangoni, wananiona mimi, kisha wananiuliza, "Fundi ako wapi?" Mwanzoni nilikuwa nakasirika. Baadaye nikawa nawajibu kwamba fundi ametoka kidogo, waache kitu waende sokoni, na wakirudi wanakuta kimetengenezwa na fundi "ametoka tena". Kiprotich hakuuliza. Alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya dansi, kijana mrefu wa koti la ngozi. Aliweka amplifaya yake mbele yangu, akasema, "Fundi, hii kitu inalia kama ng'ombe amenyimwa chumvi." Alikuwa mteja wa kwanza kuniita kwa jina la kazi yangu. Na niliona pia kwamba ana masikio, kwa maana wengi hukuambia tu kwamba kitu kimeharibika.

Sasa Chemutai aliniambia kwamba Kiprotich alipata kiharusi. Maneno yalirudi polepole, mguu ukarudi nusu, mkono wa kulia haukurudi. Gitaa likatundikwa ukutani. Halafu siku moja Chemutai alipita dirishani akamwona babake amelilaza gitaa pajani, akigonga nyuzi kwenye shingo kwa vidole vya mkono wa kushoto peke yake. Kila kidole kilipotua, uzi ulitoa kasauti kadogo, kama kuku anayedonoa mahindi ndani ya debe. Alipojua anatazamwa alilirudisha ukutani. Wiki hiyohiyo akaahidi kulitoa kwa vijana wa kwaya ya kanisa lao, waje walichukue Jumapili baada ya ibada.

"Sitaki iende," Chemutai alisema. "Akiipeana, Mama, amejipeana yeye mwenyewe. Nimesoma kwamba ukiweka overdrive ya nguvu, ile ya kusukuma valvu, hata kugonga tu na mkono moja inasikika. Lakini hii ngurumo inamfunika. Nilimpelekea akaplay kidogo, akaniambia, 'Zima, mimi siwezi shindana na posho mill.'"

Hapo nikaelewa kazi yenyewe. Mpiga gitaa mwenye mikono miwili anaweza kuishi na mvumo, anachapa nyuzi na sauti inaupita. Huyu mzee alikuwa anagonga tu. Ili kugonga huko kusikike ilibidi valvu isukumwe hadi mwisho, na ikisukumwa hadi mwisho mvumo nao unapanda hadi mwisho. Tulihitaji kimya ambacho sijawahi kukitafuta hata kwenye amplifaya ya askofu.

Kabla hatujafungua kiboksi nilimuuliza Chemutai kama vazi lake lina mfuko. Msicheke. Ndani ya kitu cha valvu kuna volti za kumlaza ng'ombe dume, na kapasita huzishikilia hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Aliyenifundisha kazi, Mzee Kibet, alikuwa akizunguka na baiskeli kutoka Sugoi hadi Ainabkoi akitengeneza redio za mashambani, na sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba chasi, yaani bati linalobeba vipuri, ikiwa na moto inaguswa kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa mfukoni, stima isipate njia ya kupitia kifuani. Siku yangu ya kwanza nilivaa sketi isiyo na mfuko. Alinikataza kugusa hata skrubu. Kesho yake nikarudi nimeshonea mfuko wa kitambaa cha pazia, mwekundu kwenye sketi ya kijani, na wateja wakanicheka mwaka mzima. Mimi niko hai. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na katika kazi hii guu ni afadhali.

Sheria yake ya pili ndiyo niliyoitumia kwa Chemutai. Mzee Kibet alikuwa akisema, "Usiulize kelele ni ya nini. Uliza inakuja lini na inaenda lini." Vijana mnabadilisha vipuri kabla ya kuuliza. Chemutai alishabadilisha valvu, soketi na waya wa gitaa, na mvumo ukamngoja palepale.

Nilimwambia awashe, asubiri valvu ipate joto, kisha akate waya mmoja wa hita huku mengine yakiendelea. Valvu haipoi mara moja. Kama jiko lililotolewa makaa, inabaki na joto kwa muda, na katika muda huo mfupi bado inafanya kazi. Alikata. Mvumo ukafa papo hapo, lakini nilipogusa uzi wa gitaa sauti ilitoka safi, ikawa inadidimia polepole valvu inavyopoa. Chemutai alinishika bega.

"Kumbe ni hita!"

"Ni hita. Sasa umejua mwizi anaishi nyumba gani."

Nyumba yenyewe ilikuwa vurugu. Nyaya za hita zilikuwa zimenyooka kila mmoja kivyake, zimepita juu ya waya unaoingiza sauti ya gitaa kwenye valvu. Nilimfundisha kuzisokota. Unachukua nyaya mbili za hita, unazisokota kwa kubana kama msichana anayesukwa nywele siku moja kabla ya shule kufunguliwa, kisha unazilaza kwenye pembe ya boksi, mbali na njia ya sauti. Zikisokotwa hivyo, kinachovuja kutoka kwa mmoja kinafutwa na mwenzake. Tena hita yake ilikuwa inaelea, haijashikwa na ardhi, yaani bati la boksi, popote. Tukaweka resista mbili ndogo zinazolingana, moja kwenye kila waya wa hita, ncha zao nyingine zikakutana kwenye ardhi ya boksi, ili pande zote mbili zivutane sawa.

Mvumo ulishuka sana. Kwa mtu mwingine ningesema kazi imekwisha, leta kiboksi kingine.

Hapa nataka niwaambie kisa cha Sugoi, maana kimya nacho kina hasara zake. Kanisa moja huko lilikuwa na amplifaya kubwa ya valvu, na mzee aliyekabidhiwa mitambo alijua jambo moja tu: ikinguruma, iko hai. Kila Jumapili aliizungusha volyumu hadi asikie mngurumo, akainua kidole, na mhubiri akaanza. Mimi nikaenda, kijana mwenye kiherehere, nikabadilisha kapasita, nikasokota nyaya, nikaiacha kimya kama kaburi. Nikaenda zangu nikijisifu. Jumapili mzee akawasha, hakusikia kitu. Akazungusha hadi mwisho. Bado kimya. Akainua kidole kwa mashaka. Mhubiri aliposema "Bwana asifiwe", spika ya nje ilipiga yowe, ng'ombe wa jirani wakavunja ua wakaingia kwenye mahindi, na akina mama wa safu ya mbele wakalala chini wakidhani ndiyo siku yenyewe. Jumatatu nililetewa ujumbe: fundi arudishe kelele yetu. Nilikwenda nikaweka taa ndogo nyekundu mbele ya mtambo, nikaketi na yule mzee hadi akaiamini. Ukimpa mtu kimya, mweleze ni kimya cha nini.

Turudi kwa Chemutai. Kesho yake alikuja na betri ya bodaboda ya binamu yake mikononi, amefurahi kama aliyeokota.

"Mama, hita si inataka volti kumi na mbili? Hii ni kumi na mbili. Na betri haiendi mbele na nyuma."

Alikuwa sahihi kabisa. Tuliilisha hita kwa betri, na pedali ikanyamaza hata nikaweka sikio kwenye spika nikasikia kuku wangu huko nje badala yake. Wazo zuri, na lilikuwa lake. Chemutai alitaka tufunge boksi pale pale, apande gari la Ainabkoi.

Nilimkatalia, akanuna. Nikamuuliza, "Betri ikiisha, nani ataipeleka ichajiwe?"

"Mimi."

"Na ukiwa dukani?"

Akaishusha betri mezani.

"Babako siku hizi anafungiwa vifungo vya shati na mtu," nilisema. "Anakatiwa nyama na mtu. Unataka hata gitaa aombe?"

Nilisema kwa ukali kuliko nilivyotaka, na macho yake yakajaa maji. Lakini nalirudia kwenu pia: mnapotengeneza kitu, fikirini mkono utakaokiwasha. Kiprotich alitakiwa abonyeze swichi moja kwa kidole kimoja, basi.

Kwa hiyo tukageuza stima ya hita iwe kama ya betri. Diodi nne za kuielekeza upande mmoja, kapasita kubwa ya kuilainisha, na kile kidude cha miguu mitatu kinachoishikilia pasipo kupanda wala kushuka. Zile resista mbili tukazitoa, maana sasa ardhi inashikwa upande wa hasi tu, na ukiacha zote unazivuruga. Chemutai alichomea mwenyewe. Mkono wake ni mzuri, risasi yake inang'aa, sikupata la kumkosoa na nilitafuta.

Tukawasha. Mvumo ule wa chini ulikuwa umekwenda. Mahali pake ukaja mwingine mwembamba, mkali, zzzzz, kama nyuki ndani ya chupa. Chemutai aliweka kichwa juu ya meza.

"Ah, Mama. Tumeharibu."

Nami nilitazama kalenda, nawaambia ukweli, kwa maana ilikuwa Ijumaa na gitaa linachukuliwa Jumapili. Lakini kelele mpya ni habari njema. Inakuambia kwamba ya kwanza imeondoka na ya pili ina chanzo chake. Tukauliza tena: inakuja lini? Ilikuja hata volyumu ya gitaa ikiwa imefungwa. Nikafuata nyaya kwa kidole, mkono wa pili mfukoni. Chemutai alikuwa amefunga ardhi ya kila kitu kwenye skrubu iliyokuwa karibu. Ardhi ya diodi ilikuwa upande mmoja wa boksi, na ya kapasita kubwa upande wa pili, kwenye skrubu moja na tundu la gitaa. Kila kapasita ilipovuta stima, ilivuta kupitia bati lote hadi mlango wa sauti. Hata maji machafu ya jirani, ukiyapitishia sebuleni kwako utayanusa.

Kwa hiyo shikeni hili, maana ndilo mnalokosea sana: kapasita irudishie diodi stima yake kwanza, kwa waya mfupi wao wenyewe. Baada ya hapo ndipo utoe waya mmoja kwenda kwenye ardhi ya wote, mahali pamoja. Tulibadilisha waya huo mmoja. Nyuki akanyamaza. Nilifungua pedali hadi mwisho, nikagonga uzi kwa ncha ya kidole, noti ikasimama katikati ya chumba ikakaa. Chemutai akamimina chai, tukanywa.

Jumamosi asubuhi tulikwenda Ainabkoi. Baridi ya kule mnaijua. Kiprotich alikuwa ameketi karibu na jiko, blanketi magotini, amekonda, koti la ngozi limetundikwa mlangoni. Aliponiona alitabasamu upande mmoja.

"Fundi," alisema. "Umezeeka."

"Na wewe umebaki kijana, asante."

Alipoona kiboksi mkononi mwa bintiye, tabasamu liliondoka. "Hiyo mashine tena? Chemutai, nilishasema. Gitaa inaenda kesho. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe."

"Hatujaja kuchinja," nilimwambia. "Nimetoka Kiplombe na mgongo huu. Utanisikilizia kazi yangu, useme kama ni mbaya. Zamani hukuwa na aibu ya kuniambia."

Alicheka bila kupenda. Nadhani ni hapo alikubali, maana Chemutai alilishusha gitaa ukutani akamlazia pajani, na hakulisukuma. Chemutai akaunganisha kiboksi na ile amplifaya ya zamani ya babake, nami nikamwonyesha mzee swichi. Nikamweleza kwamba kitakuwa kimya hadi yeye mwenyewe aseme kitu. Alibonyeza kwa kidole chake. Tukangoja valvu ipate joto.

Aligonga uzi mmoja. Sauti ikatoka nene, ikasimama, ikakaa. Akainua kichwa haraka akatutazama, kama mtu aliyesikia mlango ukifunguliwa. Akagonga mwingine, wa tatu akaukosa, kidole kikateleza. Akarudi. Vidole vile vya kushoto vilikuwa bado vinajua njia, ila sasa vilibebeshwa kazi ya mikono miwili na vilichoka haraka. Wimbo haukutoka. Vipande tu vya wimbo vilitoka, kimoja hapa, kimoja pale. Mkono wa kulia ulikaa juu ya blanketi, hausogei, na machozi yalimtoka kwenye jicho moja bila yeye kuyafuta.

Chemutai alipiga magoti kando yake. "Baba, na watu wa kwaya? Wanakuja kesho."

Tangu kiharusi maneno humjia polepole, na tulimngoja.

"Waambie gitaa iko kazini," alisema.

Chemutai alitaka kumkumbatia, akamzuia kwa kiwiko cha kushoto. "Sasa tokeni. Nyote wawili."

"Kwani tumekosa nini, Baba?"

"Tokeni, nifanye mazoezi. Sijui kupiga bado, na sipendi mtu anitazame nikikosea."

Tukatoka tukasimama uani, mikono kwapani kwa baridi, Chemutai akilia na kucheka kwa zamu. Ndani alianza ule wimbo mwanzo, akafika pahali akakosea, akajitukana kwa Kikalenjin tusi ambalo bintiye alikataa kunitafsiria. Akaanza tena mwanzo. Alikosea palepale, na kosa lenyewe tukalisikia vizuri sana, lote, hadi lilipokwisha.